Nikiinua mikono kamera ikiwa inanilenga, hapo namsifu Mungu kweli?

SautiYaTatu

Wakuu habari za jioni. Uzi huu ni wa wakristo zaidi ila na wengine karibuni, mradi tusitukanane.

Mi naimba timu ya sifa kanisani kwetu hapa Dar, kanisa la kilokole la kawaida tu, sio yale yenye mabango kila kona. Zamani tulikuwa na kinanda kimoja na spika mbili zinazokoroma, unaimba, jasho linakutoka, unaenda zako nyumbani. Siku hizi ibada inaenda laivu YouTube, kamera tatu, mataa, na masikioni tunavaa vile vidude vya kumsikia kiongozi, yan waumini wanaona tumezama rohoni kumbe sikioni jamaa anasema "kiitikio cha mwisho, fumbeni macho, mikono juu wote". Machozi yenyewe siku hizi yana ratiba.

Ila sina ugomvi na kamera. Shida yangu ni kwamba ile taa nyekundu ya kamera ikiwaka upande wangu mi najua, na mwili unajua, sauti inabadilika yenyewe, uso unajikunja kwa unyenyekevu, mkono unapanda. Ikizima nashuka. Nikifika home kitu cha kwanza nafungua ile video naangalia nilivyotokea halafu nasoma komenti moja moja. Kuna Jumapili umeme ulikatika na jenereta ikagoma, tukaimba na ngoma na makofi tu, nikajikuta sina hamu kabisa nasubiri tumalize.

Sasa kilichonichanganya zaidi ni hiki. Mama mmoja alinifuata nje baada ya ibada akaniambia mwanangu ulivyoimba ule wimbo wa kuabudu nilivunjika, nimempigia mdogo wangu simu tumesameheana, tulikuwa hatuongei muda mrefu kwa ajili ya kiwanja. Na mi nakumbuka kabisa pale anapopasema nilikuwa nawaza shati langu linaonekanaje kwenye ule mwanga wa bluu.

Kwa hiyo naomba kujua, kwanza Mungu anapokea kitu kama hicho? Pili, nijitoe timu mpaka moyo ukae sawa au niendelee hivohivo? Naomba majibu ya watu waliowahi kusimama mbele, na wa maandiko pia.

---

MzeeWaSafuYaMbele

Jibu unalo mwenyewe kijana. Mathayo 6:5, wale wanaopenda kusali wakiwa wamesimama katika masinagogi na pembe za njia ili waonekane na watu, Bwana anasema wamekwisha kupata thawabu yao. WAMEKWISHA. Maana yake hawadai kitu tena. Wewe komenti ndo mshahara wako, ushalipwa Jumapili hiyohiyo kabla hata hujala mchana.

Jitoe. Shika kiti cha nyuma, imba pale ambapo hakuna anayekuona, Mungu akitaka kukurudisha atakurudisha. Vijana mnageuza madhabahu kuwa jukwaa la muziki halafu mnakuja kutaka tuwatie moyo.

---

mamaChapati

Mzee shikamoo, ila na wewe jina lako humu ni la safu ya mbele sijui tulichukulieje 😂

Mdogo wangu SautiYaTatu usikimbilie kujitoa. Soma 2 Samweli 6. Sanduku la Bwana linaingia mjini, Daudi anacheza kwa nguvu zake zote kavaa naivera ya kitani (vazi la kikuhani), mkewe Mikali anachungulia dirishani anamdharau moyoni, baadaye anamsema kwamba amejifunua mbele ya wajakazi kama mtu hovyo. Yaani alimshtaki kosa hilihili la kutafuta macho ya watu. Daudi akamjibu ilikuwa mbele za BWANA. Ukiangalia kwa nje mtu anayecheza kwa ajili ya Mungu na anayecheza kwa ajili ya wasichana wanafanana kabisa, jasho lilelile, hata mke wa ndani alikosea. Basi sisi humu tutakujuaje.

Na nenda Wafilipi 1 kuanzia mstari wa 15. Paulo yuko kifungoni, kuna watu wanahubiri kwa husuda na fitina wakidhani watamwongezea dhiki kwenye vifungo vyake. Angekuwa mzee wetu hapo juu angewafukuza wote lol. Paulo anasema yadhuru nini, kwa hila au kwa kweli Kristo anahubiriwa, na kwa hiyo nafurahi. Yule mama amepatana na mdogo wake. Hiyo ni kazi ya Mungu, usiifute kwa sababu ya shati.

Mi naongoza maombi ya akina mama na nakwambia sijawahi kusimama pale nikiwa na nia moja tu. Kuna siku nafunga maombi huku nawaza kama niliacha jiko limewaka, kuna siku najisikia nimeomba vizuri sana na hiyo ndo mbaya kuliko ya jiko.

---

Kichwa_Ngumu

Mi sio mtu wa dini niseme ukweli. Ila naona swali limekaa upande mmoja. Mnajadili nia ya muimbaji, je nia ya anayeimbiwa? Kiumbe anayehitaji kuambiwa kila wiki kwamba yeye ni mkuu, na akiambiwa na mtu mwenye nia mbili anakataa, huyo si ndo mwenye shida ya kupenda sifa? Halafu wote mnaabudu kwa sababu mnataka kitu, kazi, mtoto, visa, uponyaji. Toa hivyo vyote uone atabaki nani kanisani.

---

MtotoWaParokia

Kichwa_Ngumu hilo swali lako la mwisho sio jipya, limo kwenye Biblia na aliyeliuliza ni Shetani mwenyewe, Ayubu 1:9, "Je! Huyo Ayubu yuamcha BWANA bure?" Sikuiti shetani ndugu yangu, nasema tu swali ni zito kiasi kwamba kitabu kizima kiliandikwa kwa ajili yake. Na Yesu naye aliwaambia wale waliomfuata ng'ambo ya ziwa kwamba mnanitafuta kwa sababu mlikula ile mikate mkashiba. Ila angalia, hakuwafukuza, alikaa akawafundisha habari ya mkate mwingine. Wengi waliondoka wenyewe baadaye.

Hilo la Mungu kupenda sifa, Zaburi 50 imeshalijibu, kama ningekuwa na njaa nisingekuambia. Tukiimba tunanyooka sisi, yeye hapungukiwi tukinyamaza.

Turudi kwa mleta mada. Msishangae mkatoliki kuingilia mambo ya timu za sifa, kwaya zetu nazo zina yake, sare mpya kila Pasaka na kurekodi video ufukweni mawimbi yanapiga watu wanaimba mateso ya Bwana wakiwa wamevaa miwani ya jua.

mamaChapati umejibu vizuri upande wa yule mama aliyebarikiwa. Ila Paulo pale hajasema wale wahubiri wa husuda wako salama, kasema injili iko salama. Ni vitu viwili. Kwa hiyo swali la kijana kuhusu moyo wake mwenyewe bado lipo mezani.

Aliyelisumbukia hili kabla yetu ni Mwafrika mwenzetu Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, leo ni mji wa Annaba kule Algeria. Alibatizwa Milano mwaka 387 na Askofu Ambrosi, na wakati ule nyimbo za kanisa la Milano zilikuwa zinamliza kweli. Miaka ilivyopita akiwa askofu akaandika kwenye Maungamo yake, kitabu cha kumi, kwamba kuna nyakati sauti inamgusa kuliko kile kinachoimbwa, na ikimtokea hivyo anaungama kwamba amekosa, bora asingemsikia muimbaji. Akafikiria hadi nyimbo zitolewe kabisa, au wafanye kama alivyoambiwa kuhusu Athanasi wa Aleksandria aliyewataka wasomaji wake waimbe zaburi kwa sauti iliyo karibu na kuongea tu. Sasa tazama alichoamua. Hakutoa nyimbo. Alikumbuka yale machozi ya mwanzo akasema desturi ya kuimba ibaki kwa sababu inawainua walio dhaifu, na huku akajihesabu yeye mwenyewe kuwa bado ni mgonjwa, akaomba aponywe. Hakujifanya amepona na hakuacha kwenda kanisani.

Sisi tulifundishwa utotoni ile sala ya asubuhi ya Nia Njema, "Kumheshimu Mungu wangu, namtolea roho yangu, nifanye kazi nipumzike, amri zake tu nishike", tulikuwa tunaisema mbiombio kabla ya uji. Nimekuja kuielewa ukubwani. Unamkabidhi siku mapema, kabla hujakutana na mtu yeyote wa kukusifia, halafu unaenda kazini kwako. Huendi ukijikagua kila dakika kumi kama nia bado iko safi. Mtu anayejikagua hivyo katikati ya wimbo bado anajitazama yeye tu, tofauti yake na anayetazama kamera ni kwamba huyu kageuza kamera ndani.

Na kuhusu Mungu kupokea kitu pungufu. Mtu akitubu kwa sababu anaogopa moto tu, hayo kwetu ni majuto yasiyo kamili, na Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu) mwaka 1551 ulisema hata hayo ni zawadi ya Mungu yakiwa na nia ya kuacha dhambi, yanakuandaa uende kwenye kitubio. Ile Sala ya Kutubu inakuweka useme "kwani ndiwe mwema, ndiwe mwenye kupendeza", hata kama siku hiyo kilichokuleta ni hofu. Midomo inatangulia, moyo unakuja nyuma unachechemea.

---

SautiYaTatu

Aisee MtotoWaParokia hiyo ya kugeuza kamera ndani imenipata. Maana kweli tangu nianze kuwaza haya mambo naimba huku najisikilizia, hapa nipo kwa Mungu, hapa sipo, hapa nipo, mpaka nimekosea kuingia beti ya pili watu wakanigeukia.

Ila mkuu hapo kwenye midomo inatangulia nina wasiwasi. Isaya si alisema watu hawa wananiheshimu kwa midomo mioyo iko mbali? Sasa mbona kama unaniruhusu kile alichokataza.

---

MtotoWaParokia

Swali zuri. Tofauti naiona kwenye kwamba wale wa Isaya walikuwa wameridhika. Yesu anayarudia maneno hayohayo kwa Mafarisayo kwenye Mathayo 15 akiwaonyesha walivyokuwa wanatumia sadaka kukwepa kuwatunza wazazi wao, yaani maneno matakatifu yalikuwa yamefanywa kichaka cha kujificha. Wewe umeandika uzi mzima kwa sababu hujaridhika. Moyo ulio mbali haulalamiki kuwa uko mbali.

Nikiangalia hapo utaona Biblia hainiulizi sana nilihisi nini wakati wa wimbo, inauliza nimemfanyia nini mama yangu Jumatatu. Amosi 5 hivohivo, niondolee kelele za nyimbo zako, halafu hukumu na itelemke kama maji. Mahali hapo hakuna neno kuhusu kuhisi.

---

wa_Mashariki254

Wasee, mimi niko Nairobi Eastlands na nataka kuongeza kitu kwa sababu huku hii story tumeiona live na ilihusu hadi kwaya.

Novemba 2024, tarehe 17, Rais Ruto alikuja misa Kayole, kanisa la Soweto, akatoa milioni mbili za nyumba ya padre, laki sita za kwaya na PMC (kile chama cha watoto wa Kikatoliki), akaahidi milioni tatu zingine na basi la parokia. Gavana Sakaja naye laki mbili. Hiyo ni siku chache tu baada ya maaskofu kutoa taarifa kali ya kukosoa serikali, na mwaka huohuo vijana walikuwa wameshapiga kelele sana kuhusu wanasiasa kupewa mimbari. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatoa barua, hizo pesa zirudishwe zote, na ile ahadi ya milioni tatu na basi ikakataliwa.

Watu waligawanyika vibaya. Wengine wakasema sadaka ni sadaka, nani amempa askofu macho ya kuona roho ya mtu, labda mheshimiwa alitoa kwa roho safi. Na ni ukweli, labda. Lakini ukiisoma ile barua haikusema Ruto ana roho mbaya. Ilisema kanisa lisitumike kwa mambo ya siasa na michango ya hadhara ya wanasiasa isifanyike humo ndani. Yaani hawakupima nia ya mtu, walifunga mlango ambao nia mbaya inapitia. Na ile nzuri pia ikafungiwa kidogo, hiyo ni gharama.

Sasa wewe msee wa kwaya, badala ya kukaa ukichimba roho yako, uliza ni mlango gani hapo kwenu unafungika. Hiyo amri ya mikono juu kwa sikio, mimi ningeanza na hiyo. Mtu akiinua mkono kwa sababu ameambiwa na boss sijui hiyo ni ibada ya nani, hata yako si yako tena.

---

mamaChapati

Eeh hapo Kenya wametuzidi. Huku kwetu usharikani mnada baada ya ibada ndo mlango huohuo, kuku anauzwa bei ya mbuzi kwa sababu mabosi wawili wanashindana mbele za watu. Ila sasa nisiseme sana maana nilishaona yule aliyeshinda anamgeukia bibi mjane aliyemleta yule kuku anamrudishia, bibi akaondoka na kuku wake na usharika umepata hela. Nia ilikuwa nini pale? Mi sijui na sidhani hata yule bosi anajua.

---

dada_wa_mbali

Habari zenu. Mimi nipo Muscat kazi za ndani. Nasoma uzi huu tangu juzi nikaona nichangie.

Wa kwanza hapo anasema Mathayo 6, na mstari unaofuata ni ule wa kuingia chumba cha ndani na kufunga mlango. Basi mimi naishi mstari huo. Makanisa huku yapo, Ruwi yapo na Ghala yapo, ila mi siku ya kutoka sina, na Jumapili huku ni siku ya kazi kama Jumatatu ya kwetu. Kwa hiyo nasali chumbani usiku baada ya vyombo, kimyakimya, hakuna kamera, hakuna komenti, hata mwenye nyumba hajui nasali lugha gani.

Nataka kuwaambia kwamba huko chumbani nako nia sio safi. Mungu anajua nusu ya maombi yangu ni mshahara uingie kwa wakati na mkataba uishe salama, na nyingine nasali ili nisilie. Mtu akisema hayo ni maombi ya tamaa kama Yakobo 4:3 sawa, lakini Hana alisali hekaluni kwa sababu anataka mtoto na kwa sababu mke mwenzie anamchokoza, uchungu mtupu, midomo inatikisika hadi Eli akadhani kalewa. Hakuna pale ibada ya kumsifu Mungu kwa ajili ya Mungu. Alikwenda na shida yake. Na alisikilizwa, Samweli akazaliwa, na wimbo wake mzuri aliuimba BAADAE akiwa ameshamrudisha mtoto hekaluni. Kwa hiyo mi naona nia inaweza kukua, inaanza na shida inaishia kwenye kutoa.

Halafu kaka SautiYaTatu, hizo laivu zenu tusizionee. Nazitazama usiku kwa sauti ndogo. Sikuangalii wewe, samahani lakini ni kweli, nafumba macho naimba na nyie, kwa saa moja hivi nakuwa kwetu. Ukijitoa kwa sababu ya shati sijui mi hapo nitakuwa nimepata nini.

---

MzeeWaSafuYaMbele

Dada Mungu akutunze huko. Hilo la Hana limenikaa.

---

fundi_mitambo

Mi ndo yule mnayemlalamikia, sio kanisa la mleta mada ila nafanya kazi hiyohiyo kwingine, nakaa na swicha (kile kidude cha kuchagua kamera ipi iende laivu) nyuma ya nguzo. Tuongee kiufundi kidogo maana mmejadili roho sana.

Hiyo taa nyekundu ipo ili muhubiri ajue aangalie wapi. Muimbaji hana kazi nayo. Kwenye kamera nyingi inazimika kwenye mipangilio, na ikigoma unabandika kipande cha tepu nyeusi ile ya umeme, buku tu dukani. Pili, wakati wa nyimbo za kuabudu weka picha pana ya kanisa lote na maneno ya wimbo chini, uso wa mtu mmoja mmoja wa nini? Dada wa Muscat anahitaji maneno aimbe, hahitaji jasho la mtu. Tulipojaribu hivyo kwetu viongozi walisema picha imepoa, na kweli kuna watu waliondoka kwenye laivu, siwadanganyi. Tukakubaliana sifa za haraka kamera zizunguke, kuabudu picha itulie.

La sikioni ni la kuongea na kiongozi. Kile kidude kazi yake ni kusema "rudia kiitikio" au "shusha key", basi. Akishaanza kuagiza nyuso anafanya kazi ya muongozaji wa filamu.

---

Kichwa_Ngumu

Hahaha mkiziba taa si ndo ataigiza ibada nzima sasa, maana hajui kamera ipi imewaka.

---

fundi_mitambo

Ataigiza Jumapili mbili tatu halafu atachoka. Nawaona kila wiki kwenye skrini, hakuna mwenye pumzi ya kuigiza saa nzima bila kujua kama anaonekana.

---

SautiYaTatu

Wakuu asanteni kwa kweli. Alhamisi tuna mazoezi, nitaongea na kiongozi kuhusu amri za sikioni, naye ni mtu wa kusikiliza ila mwenye usemi wa mwisho ni mchungaji, na mchungaji anapenda sana hizo nyuso. Tepu nitanunua mwenyewe. Dada wa Muscat nimekusoma mara mbili, sijitoi kwa sasa.

---

MzeeWaSafuYaMbele

Mi bado nasema ukae chini kwanza hata mwezi, hujafa ukikaa chini. Ila kama umekataa basi hizo video usizifungue Jumapili, na komenti mpe mtu mwingine azisome. Na yule mama wa kiwanja mtafute umuulize kama wameshagawana mipaka, maana kusamehana kwa simu ni rahisi.